MUAMALA USIOUJUA: PIGA KELELE SAA ILE ILE

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Chama chetu cha Ushirika mbele ya wanachama, hapa Malolo. Yamenakiliwa ubaoni kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria mkutano. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)

 

Leo hatukuja kusema habari za mizani wala za magunia. Hayo tumeyasema sana na tutayasema tena. Leo tuna jambo moja tu: fedha zinazotoka kwenye simu ya mkulima bila mkulima mwenyewe kuagiza. Unaamka asubuhi, unatazama salio, unakuta pengo. Nani katoa? Hujui. Ufanye nini? Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, na hapo ndipo Kamati inataka tuelewane.

Wazee mnakumbuka malipo ya mkononi. Karani anaita jina, mkulima anakwenda mezani, anahesabiwa noti zake, anatia dole gumba kwenye daftari. Wizi ulikuwepo, tena mwingi, lakini ulikuwa na sura. Mizani ikicheza, mkulima alisimama palepale akasema, "Rudia kupima!" na watu wote wakasikia. Siku hizi korosho na ufuta wetu vinakwenda ghalani kwa stakabadhi, vinauzwa mnadani kupitia Chama Kikuu cha RUNALI, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kutoka kwenye akaunti yanahamia kwenye simu. Hatusemi kwamba utaratibu huu ni mbaya. Umewapunguzia watu wetu hatari ya kutembea na mabunda ya noti njiani. Lakini mwizi wa simu hana sura, na kwa kuwa hana sura, mkulima anaona hakuna wa kumwambia "Rudia kupima". Basi ananyamaza.

Ndugu zangu, huko kunyamaza ndiko kunakotumaliza.

FEDHA ZAKO ZIKO WAPI?

Kwanza tuelewe kitu kimoja. Fedha hazikai ndani ya simu. Simu ikianguka kisimani, fedha hazikuzama. Huduma ya fedha kwa simu ilianza hapa nchini mwaka 2008, na kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 pamoja na kanuni zake, kampuni ya simu haina ruhusa ya kuzifanya fedha zako kuwa mtaji wake. Lazima ziwekwe benki kwenye akaunti maalumu ya amana. Kilicho kwenye simu ni hesabu tu, kama ile inayoandikwa kwenye daftari la chama: fulani ana kiasi hiki, fulani kiasi kile. Simu yako ni mlango wa ghala, na namba ya siri ndiyo ufunguo.

Sasa mtu akikuibia, kinachotokea kwanza ni hesabu kuhama. Imefutwa kwako, imeandikwa kwake. Noti bado ziko benki. Maadamu ziko kwenye hesabu yake, kampuni inaweza kumfungia asizitoe mpaka jambo lichunguzwe. Lakini akishafika kwa wakala akachukua noti mkononi, hesabu yake imebaki tupu. Kampuni itafungia nini hapo? Imefungia debe tupu.

Kwa hiyo kazi yote ni mbio baina yako na yule mwizi. Yeye anakimbilia kwa wakala, wewe kimbilia kutoa taarifa. Mwizi hasubiri mkutano wa ukoo, hangoji mpaka Ijumaa. Nasi tusingoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

MWIZI ANAINGILIA WAPI?

Tumeona njia nne.

Njia ya kwanza ni maneno. Unapata ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ama anapiga mtu anajiita wa huduma kwa wateja, ati laini yako itafungwa, bonyeza hiki, bonyeza kile, kumbe unabonyeza kuzituma fedha zako mwenyewe. Mwaka wote wanarusha ndoano, lakini msimu wa malipo ndio wanaopata samaki, maana watu wote wanasubiri ujumbe wa fedha. Kumbukeni: kampuni ya kweli haikuulizi namba ya siri. Benki haikuulizi. Chama hiki hakikuulizi. Anayeuliza ni mwizi, hata akilitaja jina lako na la baba yako.

Njia ya pili ni laini yako kusajiliwa upya mkononi mwa mtu mwingine. Dalili yake ni hii: simu yako inakosa mtandao ghafla, nawe unaona jirani mwenye laini ya kampuni ileile anaongea vizuri tu. Usiseme "mtandao leo mbovu" ukalala. Azima simu, uliza kwenye kampuni. Huenda kuna mtu amekwisha kuifufua namba yako kwenye laini yake, na ujumbe wa benki unaingia kwake.

Njia ya tatu ni dole gumba lako. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tangu Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Utaratibu ni mzuri. Lakini wapo wauza laini wanaokwambia "bonyeza tena mzee, haijashika", kumbe mara ya kwanza ilishika na ya pili inasajili laini ya mtu mwingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kuibia watu, jina litakaloonekana ni lako. Piga *106# ufuate maelekezo, utaziona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni inayohusika uikane, waiondoe.

Njia ya nne ni ya nyumbani. Hiyo tutaisema mbele, maana inauma.

Tuongeze neno moja. Si kila kinachopungua kimeibwa. Yapo makato ya kampuni kwa kutuma na kutoa. Wengine mnakumbuka tozo ya serikali kwenye miamala ilipoanza Julai 2021, jinsi watu walivyolalamika kuwa wameibiwa, kumbe ilikuwa tozo. Baadaye ilipunguzwa, lakini lile fundisho limebaki: soma ujumbe kabla ya kulia. Ujumbe unaeleza kiasi kilichotoka, kimekwenda kwa nani, makato kiasi gani, salio kiasi gani. Yapo pia makato ya huduma ambazo mtu alijiunga bila kujua, ya nyimbo, ya dua, ya michezo ya bahati. Hizo nazo una haki ya kuzikataa. Piga kwenye kampuni, waambie waziondoe.

HATUA ZA KUFUATA

Wenye daftari waandike. Tunasema polepole.

1. Usifute ujumbe. Hata ukikuudhi vipi, usiufute. Ule ndio stakabadhi yako. Ndani yake mna namba ya muamala, saa, kiasi, na jina au namba ya aliyepokea. Nakili kwenye karatasi, maana simu inaweza kuzimika.

2. Piga 100 hapohapo. Ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yetu mikubwa. Kama fedha zimetoka kwenye akaunti ya benki, piga namba ya benki yako. Ukiwa na kadi, imeandikwa nyuma yake. Sema maneno machache yaliyonyooka: "Kuna muamala sikuufanya. Namba ya muamala ni hii. Saa ni hii. Naomba mzuie fedha hizo na mfunge akaunti yangu kwa muda." Usianze na historia ya shamba. Kwanza wazuie, historia baadaye.

3. Omba namba ya malalamiko yako. Ukiambiwa "tumepokea, tunashughulikia", sema: "Ahsante ndugu, nipe namba ya lalamiko niandike." Andika na saa uliyopiga, na jina la aliyekupokea. Bila hivyo, kesho ukipiga utakuwa mgeni, unaanza upya.

4. Badilisha namba ya siri. Kama mwizi anaijua, atarudi kuchukua kilichobaki. Wala usiweke mwaka uliozaliwa, wala 1234.

5. Simu isipopokelewa, nenda mwenyewe. Nenda kwenye duka la kampuni au tawi la benki mjini, uwe na kitambulisho chako. Wakala wa hapa kijijini si kampuni, hana uwezo wa kurudisha fedha. Lakini muulizeni kwa adabu. Kama fedha zilitolewa kwake, anaweza kukumbuka saa na mtu, na daftari lake linaweza kuwasaidia polisi.

6. Toa taarifa polisi. Kuchukua fedha za mtu kwa hila ya simu ni kosa la jinai. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Chukua RB. Kampuni haiwezi kukupa wewe habari zote za mteja mwingine, lakini polisi wakidai kwa utaratibu wa sheria, watapewa.

7. Namba ya tapeli itume 15040. Ujumbe wowote wa utapeli, hata kama hukuibiwa, upeleke kwenye namba hiyo na ufuate maelekezo yatakayokuja. Namba hiyo iliwekwa ili namba za matapeli zifungwe. Ukiufuta tu ukacheka, umejiokoa wewe, lakini jirani yako ataangukia palepale.

Na kama kampuni au benki imekuzungusha, njoo leo, njoo kesho, usikate tamaa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Utaratibu ni kwamba unaanza kulalamika kule kulikotokea tatizo. Usiporidhika na majibu, unapanda juu kwenye Benki Kuu, ambayo ina tawi lake Mtwara. Ukienda, nenda na karatasi: namba ya muamala, namba ya lalamiko, tarehe ulizopiga, majibu uliyopewa. Mwenye karatasi anasikilizwa. Mwenye machozi peke yake anapewa pole.

TUSIDANGANYANE

Ndugu wanachama, Kamati haitaki kuwapa matumaini ya uongo. Si kila fedha inarudi. Kama ulibonyeza mwenyewe na namba yako ya siri, kampuni itasema ni wewe uliyeagiza, nayo kwa kumbukumbu zake inasema kweli. Hapo itabidi iombe kwa aliyepokea, au polisi na mahakama waingilie kati. Na hata kampuni ikimzuia aliyepokea, haiwezi kuchukua kwa neno lako tu, maana yule naye ana haki ya kusikilizwa. Ingekuwa si hivyo, kila mtu angelipa deni asubuhi, na jioni angepiga simu kuzirudisha.

Lakini kati ya "haziwezi kurudi" na "nilichelewa kusema" pana tofauti kubwa. Tuchukue mfano. Mkulima kapata malipo ya ufuta, tuseme shilingi 400,000. Saa tatu asubuhi zinahamishwa. Akipiga saa tatu na robo, huenda akazikuta bado kwenye hesabu ya mwizi, au mwizi ametoa 100,000 tu. Akipiga jioni, hazipo. Akipiga baada ya wiki, anaandikisha habari tu.

YA NYUMBANI

Sasa tuiseme ile njia ya nne.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, aliuza mbaazi zake. Hatumtaji jina, wala msiulizane. Mama huyu macho hayaoni vizuri maandishi madogo. Kila siku akimpa kijana simu amsomee, na kijana ndiye aliyemwekea namba ya siri. Fedha zikaingia. Siku mbili baadaye zikatoka, nusu nzima. Zaidi ya hapo, ukakopwa na mkopo wa simu kwa jina lake, ambao kila fedha ikiingia unakatwa.

Mama aligundua siku ileile. Alikaa siku tisa bila kusema. Kwa nini? Tulipomwuliza akasema, "Wanangu, nitasemaje? Watu watasema bibi mjinga. Tena ni damu yangu." Siku tisa hizo vibarua waliopalilia shamba lake walikuwa wanamdai, naye anawaambia malipo hayajafika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba chama kimekula fedha za mama. Chama hakikula. Lakini tungejuaje cha kujibu, nasi hatukuambiwa?

Jambo hilo sasa liko kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na kwa wazee wa ukoo, na bado halijaisha. Sisi hapa si mahakama. Lakini kuna maneno matatu tunayotaka kuyasema hadharani.

La kwanza, kwa wazee wetu: si ujinga kuibiwa. Walimu wameibiwa, makarani wameibiwa, watu wa mijini wenye simu za bei wameibiwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Aibu si yako. Aibu ni ya aliyechukua.

La pili, kwa ukoo: kumlinda kijana asiseme kweli si kumpenda. Leo kachukua za bibi yake mkabana mdomo, kesho atachukua za jirani, na huko hakuna wa kumbania. Kikulacho ki nguoni mwako, basi ikungʼuteni nguo mapema. Aliyechukua arudishe, hata kwa vibarua, hata kidogo kidogo, mbele ya mashahidi na kwa maandishi.

La tatu, kwenu vijana: ninyi ndio macho ya wazee wetu kwenye hizi simu. Ni heshima kubwa mliyopewa. Zamani karani mwizi tulimwita kupe. Kijana anayenyonya jasho la bibi yake kwa kubonyeza, naye tumwiteje?

FEDHA ZILIZOINGIA KWAKO KWA KUKOSEA

Haki ina pande mbili. Fedha zikiingia kwako nawe hujui zimetoka wapi, si zako. Usiseme "Mungu kanipa". Yuko mwenzako mahali anatetemeka kama mama yule.

Lakini kuwa macho. Mtu akikupigia, "Ndugu nimekosea kutuma, nirudishie," usirudishe kwa mkono wako. Kwanza tazama salio kwenye menyu yako mwenyewe, ile inayoanza na nyota 150. Usiamini ujumbe peke yake. Matapeli wanatunga ujumbe unaofanana na wa kampuni, kumbe hakuna kilichoingia, na ukirudisha umetoa zako. Ukikuta zimeingia kweli, usizitumie wala usizitoe. Mwambie apige 100, na wewe piga 100, kampuni irudishe yenyewe. Hapo hakuna atakayedai kwamba hukurudisha, wala hutarudisha mara mbili.

KAMATI IMEKUBALIANA HIVI

Kwanza, siku za malipo patakuwa na meza ofisini, na wajumbe wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Mwanachama yeyote mwenye muamala asioujua atasaidiwa kupiga simu. Mjumbe atasoma ujumbe na kuandika namba. Hataiuliza namba ya siri, na ikitakiwa kubonyezwa, mwenye simu atabonyeza mwenyewe na mjumbe atageuka upande.

Pili, litakuwepo daftari la miamala inayolalamikiwa: tarehe, kiasi, namba ya muamala, namba ya lalamiko, majibu. Kila mwezi Kamati italipitia na kufuatilia yaliyolala. Mkulima mmoja akipiga simu anaweza kusahaulika. Chama kikiandika barua yenye majina kumi, kitajibiwa.

Tatu, wazee wasioona maandishi wafundishwe jambo moja tu, kubadili namba ya siri wao wenyewe kwa vidole vyao. Ni tarakimu nne. Mtu aliyeweza kuhesabu mistari ya ufuta tangu ujana wake hawezi kushindwa na tarakimu nne.

Nne, hakuna mwanachama atakayechekwa mkutanoni kwa kuibiwa. Atakayecheka atatolewa nje.

Ndugu wanachama, tulipokuwa tunapunjwa kwenye mizani, hatukuacha kulima. Tulijifunza kuisoma mizani wenyewe. Leo mizani iko mfukoni mwa kila mmoja wetu. Tuisome. Na ikicheza, tusikae siku tisa. Tuseme saa ileile, tuseme kwa sauti, na tuseme pamoja.



USHIRIKA NI NGUVU. NAMBA YA SIRI NI YA SIRI.

Kamati ya Chama, Malolo